Kupanga Ramani ya Bustani ya Mboga ya Pamoja: Njia na Maji Kwanza, Mboga Mwisho

Wanakikundi wakikutana kupanga bustani ya pamoja, mara nyingi mazungumzo huanzia kwenye mboga. Huyu anataka nyanya, yule kabichi, matuta yanachorwa, na nafasi iliyobaki ndiyo inaitwa njia. Msimu ukifika katikati, toroli halipiti, mwenye tuta la mwisho anabeba ndoo kutoka upande wa pili wa kiwanja, na nyanya za mmoja zimefunika karoti za jirani yake. Ramani inayofanya kazi hupangwa kwa mfuatano mwingine: mtu na toroli lake kwanza, kisha maji, kisha jua, na mboga mwisho kabisa. Sababu ni kwamba mboga hubadilishwa kila msimu, lakini njia na bomba zikishawekwa hukaa miaka.

Kukisoma kiwanja

Chagua siku isiyo na mawingu. Saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, zungukia kiwanja ukichomeka vijiti kwenye ukingo wa kila kivuli cha jengo, ukuta na mti. Sehemu isiyoguswa na kivuli mara zote tatu ndiyo ya nyanya, pilipili, biringanya, maharage na maboga, maana mboga zinazozaa matunda zinahitaji jua la moja kwa moja saa 6 hadi 8 kwa siku. Mboga za majani hutosheka na saa 3 au 4, na za mizizi ziko katikati. Kumbuka pia kwamba kivuli hakikai urefu uleule mwaka mzima. Kadiri kiwanja kilivyo mbali na ikweta, ndivyo kivuli cha msimu wa baridi kinavyorefuka, hivyo kipimo cha siku moja kinatosha kuanzia tu.

Mti una hatari mbili, na ya pili haionekani. Mizizi yake hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi na kunywa maji unayoyamwagilia tuta. Ukichimba karibu na mti ukakuta mizizi myembamba imejaa kwenye sentimita 20 za juu, mahali hapo panafaa kwa benchi au banda la vifaa, si kwa mboga.

Baada ya jua, pima jinsi maji yanavyozama. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na sentimita 30 upana, lijaze maji, acha yaishe, kisha lijaze tena na upime yanavyoshuka. Yakishuka sentimita 2.5 hadi 5 kwa saa, mambo ni mazuri. Yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, mizizi itakosa hewa msimu wa mvua, na hapo panahitaji matuta yaliyoinuliwa sentimita 20 hadi 30 pamoja na mfereji wa kutoa maji. Yakipotea kwa kasi sana, udongo ni wa kichanga: utahitaji mboji nyingi na kumwagilia kidogo kidogo mara kwa mara. Rudia kipimo hiki sehemu tatu au nne, kwa sababu kiwanja kimoja kinaweza kuwa na udongo wa aina mbili.

Kama eneo liliwahi kuwa gereji, dampo au lina jengo la zamani lililobanduka rangi, peleka udongo maabara upimwe risasi na metali nyingine nzito kabla ya kuchora chochote. Hili halina njia ya mkato. Udongo ukikutwa umechafuka, matuta yatajengwa juu ya ardhi kwa udongo ulioletwa, na chini yake litatandikwa kitambaa cha kuzuia mizizi na udongo visichanganyike.

Mteremko nao upimwe. Funga kamba ya mita 4 kwenye vigingi viwili, isawazishe kwa pima maji, kisha pima urefu kutoka kamba hadi ardhini upande wa juu na upande wa chini. Tofauti ya sentimita 20 katika mita 4 ni mteremko wa asilimia 5, na kuanzia hapo matuta lazima yalale kukingama mteremko, hata kama jua lingependa vinginevyo. Tuta linaloshuka na mteremko hugeuza njia zake kuwa mifereji, na udongo wa juu huondoka na mvua kubwa ya kwanza.

Kupima pembe na kuchora

Kona za kiwanja zinazoonekana mraba kwa macho mara nyingi si mraba. Kupata pembe kamili, tumia kanuni ya 3, 4 na 5: kutoka kwenye kona, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande mwingine, kisha sogeza kamba hadi umbali kati ya ncha hizo mbili uwe mita 5 kamili. Kwa kiwanja kikubwa tumia 6, 8 na 10, maana kosa dogo la sentimita chache kwenye pembetatu ndogo hukua ukifika mwisho wa kiwanja. Hakikisha kwa kupima kutoka kona hadi kona. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 12, vipimo vyote viwili vya mshazari viwe mita 23 na sentimita 32. Vikitofautiana, pembe haijakaa.

Chora kwenye karatasi ya miraba. Karatasi ya A3 kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 50 za ardhi ndiyo bora, kwani kiwanja hicho cha mita 20 kwa 12 kinaingia chote, na njia ya nusu mita inaonekana kama sentimita nzima. Weka kwanza visivyohamishika: lango, bomba, miti, jengo, mwelekeo wa kaskazini na vivuli ulivyopima. Kisha kata vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa matuta yako na uvisogeze juu ya ramani bila kuvigundisha. Tuta la mita 1.2 kwa 4.8 ni kipande cha sentimita 2.4 kwa 9.6. Kikundi kizima kikizunguka meza moja na kusogeza vipande hivi kwa mikono, mabishano huisha haraka kuliko kwa kuelezana.

Njia na matuta

Upana wa tuta unaamuliwa na mkono wa mtu. Mtu mzima aliyechuchumaa hufikia sentimita 60 bila kupoteza mizani, kwa hiyo tuta linalofikiwa kutoka pande zote mbili liwe na mita 1.2, na lililoegemea ukuta au uzio lisizidi sentimita 60. Wanakikundi huvutiwa na tuta la mita 1.5 wakidhani wanaokoa ardhi. Kinachotokea ni kwamba sentimita 30 za katikati hazifikiki, mtu anaingiza mguu mmoja kung'oa gugu, udongo unashindiliwa, maji yanatuama juu ya nyayo, na mizizi ya mboga haipenyi hapo. Katika bustani ya watoto punguza upana uwe sentimita 75 hadi 90.

Urefu nao una mpaka. Tuta likizidi mita 6 hivi, watu huchoka kulizunguka na huanza kuliruka au kulikanyaga katikati. Ukilazimika kuwa na tuta refu, likate kwa kijia cha kuvukia.

Njia kati ya matuta iwe sentimita 45 hadi 60. Sentimita 30 huonekana inatosha siku ya kupanda, ila nyanya na maboga yakishatoa majani njia hiyo hufungwa, na majani yenye umande yakiguswa guswa na nguo hubeba magonjwa kutoka tuta hadi tuta. Njia kuu inayotoka langoni iwe mita 1.2 ili toroli na mtu wapishane. Upana huohuo unamtosha mwenye kiti cha magurudumu, ambaye anahitaji angalau sentimita 90 kwenye njia iliyonyooka na duara la mita 1.5 mahali pa kugeuzia. Tenga matuta mawili au matatu karibu na lango, yainuliwe kufikia sentimita 60 hadi 70, kwa wazee na wasioweza kuinama, na njia ya kuyafikia iwe ngumu na tambarare. Yakiachwa kuja "baadaye", huwa hakuna nafasi iliyobaki.

Mwelekeo wa matuta: kwenye ardhi tambarare yalaze kaskazini-kusini, jua la asubuhi lipige ubavu mmoja na la jioni ubavu wa pili. Mazao marefu yakae upande ambao kivuli chake cha mchana kitaangukia nje ya mboga fupi. Mahali ambapo jua la mchana huwa kusini, marefu yakae kaskazini, na kinyume chake. Karibu na ikweta jua hubadili upande katikati ya mwaka, kwa hiyo yapeleke marefu kwenye kingo za magharibi, ambako kivuli chake cha asubuhi kitaanguka nje ya bustani.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kiwanja kile cha mita 20 kwa 12, upande mrefu ukilala mashariki-magharibi. Acha sentimita 60 pande zote ndani ya uzio. Pindo hili ni njia, na pia linakupa nafasi ya kufyeka magugu yanayotambaa kutoka nje. Kinachobaki ni mita 18.8 kwa 10.8.

Pitisha njia kuu ya mita 1.2 katikati, kwa urefu. Kila upande unabaki na mita 4.8, na huo ndio urefu wa tuta, kutoka njia kuu hadi pindo. Sasa toa mita 4 za mwanzo karibu na lango kwa ajili ya banda, mboji, matangi na benchi. Zinabaki mita 14.8. Matuta 9 ya mita 1.2 yanachukua mita 10.8, vijia 8 vya nusu mita vinachukua mita 4, na jumla ni 14.8 kamili.

Umepata matuta 18, kila moja mita za mraba 5.76, jumla takriban 104 kati ya 240. Wengi hushtuka kuona eneo la kupanda halifiki nusu, wakataka kubana njia. Msibane. Tuta lisilokanyagwa kamwe huweza kupandwa kwa nafasi ndogo pande zote, bila kuacha mapengo ya kupita kati ya mistari, na ndiyo maana hurudisha ardhi iliyotumika kwa njia.

Maji

Kipimo cha kuanzia ni milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwa ndani yake. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo tuta letu la mita za mraba 5.76 linahitaji lita 144 kwa wiki. Hiyo ni ndoo 14 au 15 za lita 10. Matuta yote 18 yanakunywa karibu lita 2,600 kwa wiki isiyo na mvua. Kwenye udongo wa kichanga au joto kali itazidi.

Fikiria ndoo hizo zikibebwa. Bomba likiwa langoni, tuta la mwisho liko zaidi ya mita 18, na ndoo 15 ni safari 15 za kwenda na kurudi. Ndiyo sababu bomba, au tangi kubwa, likae katikati ya njia kuu, hata kama itabidi kuchimbia paipu mita 10 za ziada kabla ya matuta kutengenezwa. Kutoka hapo mpira wa mita 15 hufika kila kona. Chomeka kigingi imara kwenye kila pembe ya tuta inayoangalia njia kuu, kitokeze sentimita 30, mpira ujizungushe kwenye kigingi badala ya kuburuzwa juu ya miche. Chini ya bomba tandika kokoto. Bila hizo, baada ya mwezi mmoja ni dimbwi.

Maji ya paa husaidia: paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 hutoa hadi lita 400, kasoro kinachomwagika na kugeuka mvuke. Tangi liwe na mfuniko mbu wasizaliane na watoto wasidumbukie.

Mboji, banda na mambo mengine ya pembeni

Rundo la mboji lililo chini ya mita 1 kwa 1 kwa 1 halishiki joto la kutosha. Jenga vyumba vitatu vya mita 1.2 kila kimoja: kimoja kinajazwa, kimoja kinaiva, kimoja kinachotwa. Viweke kwenye eneo la lango, si nyuma kabisa ya bustani. Hesabu inaeleza kwa nini: kutandaza sentimita 5 za mboji kwenye tuta moja kunahitaji lita 288, yaani toroli 5 za lita 60. Kwa matuta 18 ni toroli 90. Samadi ya kununua au kupewa ipimwe kwanza, kwani wanyama waliokula malisho yaliyonyunyiziwa dawa fulani za magugu hutoa samadi inayopinda na kudumaza mboga. Changanya samadi na udongo kwenye vikopo vichache, panda maharage, na uyalinganishe kwa wiki tatu na yale ya udongo mtupu.

Kwenye njia tandaza maboksi yaliyoloweshwa, juu yake vipande vya mbao sentimita 8 hadi 10. Visichimbiwe ndani ya matuta, maana vikioza humo hukamata naitrojeni na mboga hugeuka njano.

Upepo mkali uzuiwe kwa uzio unaopenyeza hewa, wa matawi au wavu. Ukuta mzima huurusha upepo juu kisha ukaanguka kwa kishindo upande wa pili.

Mboga na mzunguko wake

Hapa ndipo bustani ya pamoja inapotofautiana na ya nyumbani. Kila mtu akizungusha mazao ndani ya tuta lake tu, nyanya zinahama mita moja na nusu, na ugonjwa unahama nazo. Ni bora kikundi kikubali mzunguko wa bustani nzima. Katika mfano wetu, matuta 16 yagawanywe vitongoji vinne vya matuta manne, na mawili yabaki: moja la kitalu cha miche, moja la mimea ya kudumu kama mchaichai. Nanaa ipandwe ndani ya chungu hata kama chungu chenyewe kimezikwa ardhini. Ikiachwa huru huchukua tuta zima.

Kitongoji cha kwanza ni jamii ya mikunde: maharage, kunde, njegere. Cha pili ni jamii ya kabichi: kabichi, sukuma wiki, koliflawa, na figili pia. Figili huliwa mzizi, kwa hiyo watu huipanda na karoti na kuvunja mzunguko bila kujua. Cha tatu ni nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo, ambavyo vyote ni ndugu. Cha nne ni karoti, vitunguu, bitiruti na mchicha. Msimu unaofuata kabichi inaingia palipokuwa na mikunde ifaidi naitrojeni iliyobaki, nyanya zinafuata kabichi, karoti na vitunguu vinafuata nyanya, na mikunde inarudi mahali pa karoti. Kila jamii inakaa nje ya kitongoji chake misimu mitatu, na ikiwa mnalima zaidi ya msimu mmoja kwa mwaka, hesabuni miaka.

Mzunguko si dawa ya kila kitu, na ni vizuri kulijua hili mapema. Ugonjwa wa uvimbe wa mizizi ya kabichi unaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Mnyauko wa bakteria kwenye nyanya nao huvumilia muda mrefu. Kuutambua, kata kipande cha shina la mmea ulionyauka ghafla ungali kijani, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, na utazame kwenye mwanga: ukiona nyuzi nyeupe kama moshi wa maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ni bakteria. Ng'oeni mmea pamoja na mizizi, usiende kwenye mboji, tia alama tuta hilo kwenye ramani, na msipande ndugu wa nyanya hapo. Jembe lioshwe kabla ya kwenda tuta jingine.

Maboga yapelekwe pembeni, karibu na mboji, kwa sababu shina moja hutawala mita 1 hadi 2 kila upande. Matango yapandishwe kwenye kamba, sentimita 30 hadi 45 kati ya mche na mche. Mahindi yakipandwa, yawe kwa kundi la mistari minne mifupi, kwani chavua yake husafiri kwa upepo, na mstari mmoja mrefu hutoa magunzi yenye mapengo.

Kwenye tuta la mita 1.2 kwa 4.8, nyanya za kusimikwa kwa miti zinaingia mistari miwili iliyoachana sentimita 60, mche kila sentimita 60, jumla miche 16. Wanaopanda 30 huvuna ukungu wa majani. Kabichi zinaingia mistari mitatu kwa mtindo wa pembetatu, sentimita 45 kati ya mche na mche, takriban 30. Vitunguu mistari sita, sentimita 10, karibu 290. Karoti mistari sita, zipunguzwe zibaki sentimita 5. Kupunguza huku ndiko watu hukuonea huruma, na karoti zikaishia kuwa nyembamba kama penseli.

Kabla ya kuchimba

Hamisha ramani ardhini kwa vigingi na kamba, kisha iache siku kadhaa. Jaza toroli udongo, lisukume kutoka langoni hadi tuta la mwisho, pinda kila kona, pishana na mtu mwenye ndoo mbili. Chuchumaa pembeni mwa tuta na unyooshe mkono ufike katikati. Mahali toroli linapogonga kigingi, kigingi kihame sasa, kabla tuta halijatengenezwa.

Yapeni matuta namba na muandike namba hizo kwenye vigingi kwa rangi isiyofutika. Nakala ya ramani ibandikwe ndani ya mlango wa banda, ikiwa ndani ya plastiki, na kila msimu mchore nakala mpya yenye tarehe, zao la kila tuta na ugonjwa ulioonekana. Nakala za misimu minne iliyopita zikae pamoja kwenye faili moja, kwa sababu bila hizo hakuna atakayekumbuka nyanya zilikuwa tuta namba gani mwaka juzi.